Masini ya lazeri kwa atelie ndogo: mambo ya kuangalia mbele ya kutosha feza

Pete ya ndoa yenye majina mawili kwa ndani, termosi ya zawadi kwa mwanafunzi aliyemaliza iniversite, kombe la mashindano ya kiaka, kibati chenye namba kwa mufuko wa funguo za pikipiki: kazi hizi zinatafutwa zaidi na zaidi katika muji wa Butembo na Beni. Mafundi wengi bado wanazifanya kwa nyundo na vyuma vya kupigia namba, ao kwa masini ndogo ya kuzungusha yenye ncha. Sasa wateja wanaonyesha mapicha kwenye telefone na kuomba maandishi madogo, safi, meusi juu ya inoksi. Hiyo njo kazi ya masini ya lazeri.

Wauzaji wanajua hilo. Kwenye WhatsApp na Facebook mutu anaweza kuona masini mbili zinazotangazwa kwa maneno yaleyale, «inaandika juu ya vitu vyote». Moja ni ya dola 300, ingine ni ya dola 2,000. Fundi mwenye akiba ya miaka mbili anaona ya dola 300 na moyo unamuambia achukue. Kama kazi yake ni mbao na ngozi, hajakosea. Kama kazi yake ni zahabu, feza na chuma, dola 300 hizo zimeenda bure.

Aina tatu, kazi tatu

Lazeri ni mwangaza uliokusanywa mahali padogo sana mpaka unachoma. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, katika Mwezi wa 5 mwaka wa 1960. Toka wakati ule kumetokea aina mingi, na kila aina iko na mwangaza wake. Hapa njo kuna siri yote ya kuchagua: kitu kimoja kinakunywa mwangaza huu, kingine kinaurudisha kama kioo. Mwangaza ukirudishwa, hakuna alama, hata masini iwe na nguvu namna gani.

Masini za bei ya chini zaidi ni za diodi. Mwangaza wake ni wa bulu, na mara mingi ni wa nanometre 450. Zinachoma mbao, karatasi ngumu, ngozi, mianzi, na zinaweza kutosha rangi juu ya chuma kilichopakwa rangi ao termosi yenye rangi. Zahabu, feza na shaba hazizigusi hivi. Juu ya inoksi tupu, wengine wanapaka dawa maalum mbele ya kuchoma, lakini dawa ile ni ya bei na haipatikani kila siku kwenye butike zetu. Katika viwanda vya China diodi ya wati 5 mpaka 10 inauzwa kati ya dola 200 na 600. Kwa seremala anayetaka kuweka jina la mwenye kiti ao alama ya atelie yake juu ya chukudu, hiyo inatosha kabisa, na kununua kubwa zaidi ni kupoteza.

Aina ya pili ni ya gazi ya CO2, iliyovumbuliwa na Kumar Patel katika mwaka wa 1964. Mwangaza wake ni wa nanometre 10,600, na jicho haliuone. Inakata pleksi vizuri, inakata mbao nyembamba, inachonga kauchu ya kashe, inaandika juu ya glasi. Chuma kitupu kinaurudisha. Ndogo ya wati 40, ile ambayo wauzaji wanaita K40, inaanzia karibu dola 400 mpaka 600 kwa bei ya kiwanda. Ubaya wake ni tatu: moyo wake ni muti wa glasi unaopasuka, unahitaji maji ya kupoza yanayozunguka kila wakati, na ndani yake kunapita umeme wa zaidi ya volti 10,000, ambao unaua. Mutu ambaye hajafundishwa asifungue sanduku lake hata kama limezimwa.

Ya tatu ni ya faiba. Mwangaza wake ni wa nanometre 1,064, nao hauonekane. Vyuma vinaukunywa: inoksi, chuma, aluminiumu, shaba, feza, zahabu. Inaandika pia juu ya plastiki fulani ngumu, lakini mbao haziiwezi vizuri, na glasi inapitisha mwangaza wake bila alama. Ya wati 20 inauzwa huko kiwandani kati ya dola 1,500 na 2,500 hivi. Ndani yake kuko vioo viwili vidogo vinavyocheza haraka sana, basi jina la herufi kumi linamalizika kwa sekunde chache.

Kuko aina ingine, ya UV, inayoandika karibu juu ya vyote, glasi na plastiki laini pia. Lakini bei yake kwa kawaida inapita dola 3,000. Atelie inayoanza inaweza kuiacha.

Kwa hiyo swali la kwanza haliko «masini gani ni nzuri?». Fundi achukue daftari na aandike kazi zote ambazo wateja walimuomba kwa miezi mitatu. Kama zahabu na inoksi zinapita nusu, faiba ya wati 20. Kama ni kashe, pleksi na vibao vya milango, CO2. Kama ni mbao, diodi. Na kama daftari inaonyesha kazi nne ao tano kwa juma, vyuma vya namba na mukono mutulivu bado vinatosha. Hata kwa magunia ya kakao, rangi na karatasi iliyokatwa herufi zinafanya kazi ambayo hakuna lazeri itaifanya kwa bei ile.

Wati zinazodanganya

Katika matangazo ya diodi, namba kubwa iliyoandikwa juu ya sanduku mara mingi ni umeme ambao masini inakula, haiko nguvu ya mwangaza unaotoka. Diodi inayoitwa «wati 40» inaweza kutoa wati 5 tu za mwangaza. Muuzaji aulizwe waziwazi: wati ngapi zinatoka kwenye lenzi? Akizunguka-zunguka bila kujibu, jibu limeisha kupatikana.

Kwa faiba udanganyifu ni mwingine. Moyo wa masini ni sanduku linalotengeneza mwangaza, na viwanda vinavyojulikana zaidi ni Raycus, JPT na MAX. Jina na namba ya sanduku hilo vinakuwa juu ya karatasi iliyogandishwa kwake. Ni muzuri kuomba picha ya karatasi hiyo mbele ya kulipa, na namba iandikwe kwenye fakture. Viwanda vinaandika kwamba sanduku la faiba linaweza kufanya kazi saa 100,000. Kwa saa 8 kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 30, na hakuna mutu wa Butembo atakayehakikisha. Kinachokufa mbele ni feni, sanduku la umeme, waya na kompyuta. Hivyo njo vya kuomba vya akiba ndani ya muzigo uleule, maana feni ya dola 10 ikikosekana, masini yote inalala.

Wauzaji wanapenda pia kusukuma wati 30 ao 50. Nguvu hiyo ni kwa kuchimba ndani, mufano kutengeneza chapa ya shaba ao forma ya kumimina. Kwa majina, namba na alama, wati 20 zinafika. Feza iliyobaki inunue kifaa cha kuzungusha pete: bila hicho, maandishi ya nje ya pete yanaharibika pale mviringo unaanza kuteremuka. Kwa maandishi ya ndani, muuzaji aseme wazi kama kifaa chake kinainamisha pete, maana mwangaza unatoka juu na haukunje kona. Lenzi ya kawaida inafunika eneo la milimetre 110 kwa 110. Ni kubwa kupita pete, na ndogo kwa kibao cha mulango. Mwenye kufanya vyote viwili atahitaji lenzi mbili.

Jaribio la kweli ni moja. Anayetaka kununua atafute kitu cha aina ileile anayotumia, kipande cha inoksi ya kijiko ao pete ya feza, amuombe muuzaji aandike neno ambalo yeye mwenyewe amechagua siku ile, na atume video isiyokatwa toka masini kuwashwa mpaka kuzimwa. Video ya zamani ya kiwanda haihakikishe kitu.

Umeme na jenereta

Masini ya faiba ya wati 20, pamoja na kompyuta yake ndogo, inakula kama wati 500 inapofanya kazi sana, na chini ya hapo kwa muda mwingine. Si mingi. Tatizo la kwetu haliko wingi, ni umeme unaopanda na kushuka. Jenereta ndogo ya wati 650 inaweza kuiwasha, lakini wakati jirani anachomeka pasi juu ya waya uleule, volti zinaanguka, kadi inayoongoza masini inapotea, na pete ya mteja inabaki na nusu ya jina. Kifaa cha kusawazisha volti ni cha lazima tangu siku ya kwanza. Na katika kuagiza, iandikwe volti 220, kwa kuwa masini mingi zinatengenezwa kwa soko la Marekani zikiwa za volti 110. Waya wa udongo pia usisahauliwe.

Katika vituo kama Manguredjipa, ambako atelie nyingi zinaishi kwa panneau na betri, hesabu ni hii. Betri ya risasi ya volti 12 na ampere-saa 200 inabeba wati-saa 2,400. Ili isife haraka, inatumiwa nusu tu, wati-saa 1,200, na inveta yenyewe inakula sehemu. Kinachobaki kinaendesha masini ya faiba muda wa saa tatu hivi. Hiyo inatosha kwa kazi za siku moja kama fundi anakusanya maagizo na kuyaandika pamoja, kuliko kuacha masini ikiwaka toka asubui. Inveta iwe ya wati 1,000 ao zaidi, na ya wimbi safi. Zile za bei ya chini zinatoa umeme wa wimbi lililokatwa, wenye makelele, ambao unasumbua kompyuta na vioo vya masini.

K40, na maji yake ya kupoza na pompi, ni ngumu zaidi juu ya panneau. Maji yakisimama dakika chache wakati muti unawaka, glasi inapasuka.

Toka Guangzhou mpaka Manguredjipa

Wafanyabiashara wa Butembo wanajua njia ya Guangzhou na Dubai kwa miaka mingi, na fundi mwenye sanduku moja anaweza kuingia ndani ya konteneri ya mutu mwingine. Muzigo unashuka Mombasa, unapita Kampala, unavuka Mpondwe na kuingia Kasindi. Toka pale ni kilometre karibu 80 mpaka Beni, kisha 54 mpaka Butembo.

Kwenye mupaka kuko haki za DGDA, ukaguzi wa OCC, na TVA ya asilimia 16. Ndiyo sababu bei ya kiwanda haiko bei ya masini. Tuseme faiba imenunuliwa dola 1,800: usafiri, kodi, lenzi ya pili, kifaa cha pete, kisawazisha volti na miwani vinaweza kuifikisha dola 2,800 wakati inawekwa juu ya meza. Mwenye dola 1,800 mukononi hana bado masini ya dola 1,800. Na fakture ya kweli ibaki: fakture iliyopunguzwa ili kodi ishuke inamufunga munuaji mwenyewe siku anayotaka kudai masini nzima ilipofika imevunjika.

Kisha kuko barabara ya Manguredjipa, karibu kilometre 100 upande wa magaribi ya Butembo kupitia Njiapanda. Katika mvua, kila mutu anajua. Muti wa glasi wa CO2 juu ya barabara ile ni bahati nasibu. Faiba inavumilia zaidi kwa kuwa haina muti wa glasi, lakini kichwa chenye vioo kinapaswa kufunguliwa, kufungwa ndani ya sponji na kusafiri peke yake, juu ya magoti ya mutu, hapana juu ya karieri. Masini ikitoka kwa baridi ya Butembo na kufika kwa joto lenye unyevu la pori, iachwe ndani ya kifuniko masaa kadhaa mbele ya kuwasha, ili maji yasikae juu ya lenzi.

Jambo zito zaidi ni usalama. Tangu mwaka wa 2024 mashambulizi ya ADF katika sekta ya Bapere yamewakimbiza wakaaji wengi kuelekea Butembo na vituo vingine. Katika Mwezi wa 9 mwaka wa 2025, watu zaidi ya 60 waliuawa Ntoyo, karibu na Manguredjipa. Katika hali kama hiyo, masini ya kilo 40 ambayo haiwezi kubebwa na mutu mumoja haiko mali, ni mutego wa kumurudisha mutu nyumbani wakati wengine wanakimbia. Anayetaka kufanyia kazi huko aangalie faiba ndogo ya kubeba, ambayo kichwa na sanduku vinaingia ndani ya mufuko mumoja, hata kama bei yake inapita kidogo. Ao masini ikae Butembo, na Manguredjipa ibaki mahali pa kupokea maagizo. Kwa sasa, hii ya pili njo inaonekana kuwa na akili zaidi.

Macho ya fundi, macho ya jirani

Mwangaza wa faiba hauonekane, lakini unaingia ndani ya jicho mpaka nyuma kabisa, na kuchoma pale panaponasa picha. Hakuna maumivu ya kuonya. Sehemu iliyochomwa hairudi. Hata mwangaza uliorudishwa na pete yenye kung’aa unaweza kufanya hivyo.

Miwani inayotolewa bure pamoja na masini mara mingi ni plastiki ya rangi isiyoandikwa kitu. Miwani ya kweli imeandikwa namba ya mwangaza inayozuia. Kwa faiba itafutwe 1064 pamoja na OD6 ao zaidi. Miwani ya diodi, ya 450, haisaidie kitu mbele ya faiba, na ya faiba haisaidie mbele ya diodi. Mwenye masini mbili anahitaji miwani mbili, na mwanafunzi wa kazi naye yake.

Atelie za kwetu ziko kando ya barabara, mulango wazi, watoto wakiangalia. Hapo miwani ya fundi peke yake haitoshe. Masini yenye sanduku la kufunga, lenye dirisha la kuzuia mwangaza, inaongeza dola 200 ao 300, na ni sehemu ya bei ambayo haifai kujadiliwa. Kama feza haziko, seremala anaweza kutengeneza sanduku la mbao lililofungwa pande zote, lisilo na dirisha, na kazi iangaliwe kwenye kompyuta.

Moshi nao. Simili ya viti, viatu vya plastiki na mabomba ni PVC mara mingi. Ikichomwa na lazeri inatoa gazi yenye asidi, inayokula mapafu na kutia kutu masini yenyewe. Mteja akileta mukoba wa simili, jibu ni hapana.

Zahabu inapungua?

Swali hili wateja wataliuliza. Alama ya 750 kwa karati 18, ao 916 kwa karati 22, yenye urefu wa milimetre mbili hivi, inatosha zahabu chini ya miligramu moja. Mizani ya kawaida ya sonara haitaiona. Faili ya mukono inakula zaidi. Lakini namba hiyo iandikwe tu kama zahabu imepimwa kweli. Lazeri inafanya uongo uonekane safi kuliko nyundo.

Kwa sababu ileile kuko kazi za kukataa. Masini hii inaweza kutengeneza kashe ya serikali, inaweza kuandika namba ya shasi juu ya pikipiki iliyoibwa. Sheria ya adhabu ya Kongo inaadhibu kughushi, na fundi hatasalimika kwa kusema aliletewa kazi kama wengine. Kashe ya ofisi ifanywe kwa barua yenye jina na sahihi, na kopi ibaki kwenye atelie. Namba ya shasi isiguswe.

Hesabu ya kulipa masini

Tuchukue dola 2,800, na tuseme kila kazi inabakisha dola 2 kisha kutosha umeme na nyumba. Inahitaji kazi 1,400. Kwa kazi 5 kila siku, siku 6 kwa juma, ni majuma karibu 47. Kwa kazi 2 kila siku, inapita miaka miwili, na mbele ya hapo feni na kompyuta zitakuwa zimeomba feza zao. Mafundi wawili ao watatu, sonara, mutengenezaji wa funguo na muuzaji wa vikombe, wanaweza kununua pamoja na kugawanya siku, kama wanaandikiana nani analipa ikiharibika.

Siku masini inafika, kazi ya kwanza ni kukopi faili zake. Faiba mingi zinaendeshwa na programu ya EZCAD, kwenye Windows, bila intaneti. Ndani yake kuko faili ya vipimo vya lenzi ile ya masini ile. Kompyuta ikikufa bila kopi, mraba unatoka umepinda. Basi faili yote iwekwe kwenye USB mbili, moja ikae nje ya atelie.

Kwa pete zinazotoka Manguredjipa kuja kuandikwa Butembo, gramu zipimwe mbele ya mteja, ziandikwe kwenye fakture pamoja na picha na maneno yanayoombwa herufi kwa herufi, na zipimwe tena wakati wa kurudisha.